Vifurushi vya matatu, Nakuru hadi Kisumu: maoni ya aliyebaki Nakuru

Nimetuma vifurushi 31 tangu mwenzangu aende Kisumu, miezi 11 sasa. Risiti ninazo zote ndani ya kopo la Kimbo juu ya kabati, isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo itakayokula nafasi kubwa hapa.

Jina la kampuni silitaji. Wanaosafirisha mizigo njia hii ni wengi na kazi yao inafanana: unafika steji, unatafuta dirisha lenye wavu lililozungukwa na makatoni, unasukuma mzigo wako ndani. Nyota nne kati ya tano. Ningewapa tano na nusu kama karani wa upande wetu angejifunza kuandika moja isiyofanana na saba.

Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani mbili kwenye kibanda mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru. Mwenzangu ni nesi. Tulikuwa na miezi mitano tu tangu tuanze kuitana majina yale ya kuitana, alipopangiwa mwaka wa uanagenzi Kisumu, katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Wenyeji mpaka leo wanaiita Russia, kwa kuwa Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga. Siku ya kwanza alinipigia simu nikiwa nyumbani, akasema, "Nimeshafika, niko Russia." Mama yangu alikuwa amekaa karibu anachambua mboga. Akaniuliza kwa upole huyo msichana amepanda ndege lini, na kwa nini sikumwambia yeye mapema amwombee safari.

Miezi mitano si kitu. Hujajua anakunywa chai na sukari kiasi gani akiwa amekasirika. Dada yangu mkubwa, ambaye ana mume, watoto wawili na maoni mengi, alinipa miezi mitatu. "Kisumu ni mbali kuliko unavyodhani," akasema. Kwa barabara ni kama kilomita 180: Salgaa, Mau Summit, Londiani, Kericho, Awasi, Ahero, umeingia. Mwendo wa saa tatu unusu hadi nne, na mvua ya Kericho ya alasiri ikikukuta njiani, ongeza. Lakini najua dada hakuwa anazungumzia kilomita.

Kwanza niseme tulivyojaribu simu, kwa sababu kila mtu anaanzia hapo. Mwezi wa kwanza tulinunua bando za usiku, tukazungumza hadi mmoja alale na simu sikioni. Asubuhi sikio linauma, na mimi nimeshona mkono wa kushoto kwenye kwapa la kulia. Mwezi wa pili maneno yakaisha. Si mapenzi, maneno. "Umekula nini?" "Ugali." "Na nini?" "Sukuma." Kimya. "Na wewe?" "Ugali." Akiwa zamu ya usiku mimi niko kazini mchana yeye amelala, akiwa zamu ya mchana, jioni hana nguvu hata ya kusema hapana. Nikaanza kuhesabu zile tiki za buluu. Ameona saa mbili na dakika kumi, sasa ni saa tatu, kwani anaandika kitabu? Mtu mzima mwenye leseni ya kaunti, nimekaa juu ya kiti cha cherehani nahesabu tiki.

Kifurushi cha kwanza kilikuja kwa bahati. Alisema kwa kupitia tu, katikati ya habari nyingine, kwamba miguu inavimba akitoka zamu ya muda wa saa kumi na mbili. Kesho yake nikapita kwenye mitumba ya viatu nikaona jozi moja nyeupe, soli nene laini, imechakaa kidogo kisigino. Muuza akaniuliza, "Saizi gani?" Sikujua. Mimi ni fundi. Mabega yake nimeyapima kwa macho mara mia, kiuno naweza kukutajia hata usiku wa manane, lakini miguu yake sikuwahi kuiangalia. Nikampigia yule msichana wanayekaa naye nyumba moja Migosi, nikamwomba anyatie chini ya kitanda asome. Akarudi akacheka: "Thelathini na tisa. Na cha kushoto amekikanyaga upande wa nje, nunua kipana."

Jioni viatu vikafika. Safari hiyo tulizungumza dakika arobaini juu ya mguu wa kushoto. Alivunja kidole chake akiwa darasa la sita, akiruka mtaro kwao Bungoma, na hakumwambia mtu mpaka kikajiunga chenyewe kimepinda. Miezi saba namjua, sikuwa nimesikia.

Sasa huduma yenyewe. Karani ana kitabu cha risiti chenye kaboni. Anauliza jina la anayetuma, jina la anayepokea, nambari zote mbili za simu, yaliyomo, na thamani. Hiyo thamani watu huifanyia mzaha, usifanye. Ndiyo watakayoiangalia mzigo ukipotea, na nyuma ya risiti kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa wameandika kwamba vitu vinavyooza havifidiwi kabisa. Kisha anakata selotepu, anaandika kwa kalamu nene, anakwambia gari litakaloubeba na saa litakayotoka. Mimi bahasha nimelipia 150, mfuko wa nguo 200, katoni 300 hadi 400 kulingana na karani alivyoamka, maana mizani hakuna, wanapima kwa kuinua na kuguna. Guno refu ni shilingi mia zaidi. Anayepokea anafika na kitambulisho, anatia sahihi, amemaliza. Asubuhi ukituma kabla ya saa nne, saa tisa mtu wako ana mzigo mkononi. Kwa kasi hiyo sijaona wa kuwashinda.

Kutoka Kisumu yeye hutuma samaki. Omena kavu hazina shida, unafunga mara mbili tu. Ngege, yaani sato, wa kukaanga ndio wenye kazi, na nitaieleza kwa sababu wengi hutuma vibaya halafu wanalaumu gari. Yeye humwambia mama wa kukaanga akaushe sana, arudishe kwenye mafuta mara ya pili. Anaacha apoe kabisa; samaki wa moto ndani ya karatasi anatoa jasho na kulegea. Katoni anaitandika magazeti kurasa nyingi, samaki kichwa huku mkia kule, juu yake magazeti tena, ndimu mbili pembeni, na chumvi kwenye kikaratasi kilichosokotwa. Katoni inatobolewa matundu kwa kalamu. Ikifika Bondeni naifungua juu ya meza ya kukatia nguo, wateja wakiwepo wakisubiri zipu, na harufu inatangulia hata sijakata kamba. Mara moja wino wa tangazo la kifo ulikuwa umehamia kwenye mkia wa ngege, ungeweza kusoma "ndugu wa marehemu". Tulimla. Marehemu atusamehe.

Hapa nina malalamiko madogo. Kuna makanga mmoja anatoza samaki pesa ya pembeni, nje ya risiti, eti abiria wanalalamika harufu. Nilimlipa mara mbili. Mara ya tatu mwenzangu aliandika kwenye risiti "vitabu", na makanga akavibeba vitabu vile hadi Nakuru kimya kimya, ingawa nadhani alijua vimeandikwa kuhusu nini.

Basi, ile risiti iliyopotea.

Ilikuwa mwezi wa nne. Sare zake za wodini, zile za kijani, zilikuwa zinambana kwapani, na mbili alizonunua zilikuwa na mifuko isiyoingia hata kalamu. Nilimshonea jozi mbili. Kitambaa kizito kidogo cha pamba mchanganyiko, kisichoonyesha jasho, mfuko wa kifuani umegawanywa mara mbili, mfuko wa chini wa kuweka simu na mkasi, na mishono yote ya kwapa nimeipiga mara tatu. Nilichukua siku nne, nikachelewesha sare za kwaya ya watu, wakaniimbia. Na kwenye mfuko wa kifuani nikatia barua. Sijawahi kuandika barua tangu ile ya kuomba nafasi ya kidato cha kwanza. Kurasa mbili, kwa mkono.

Nikatuma Alhamisi asubuhi. Risiti nikaitia mfuko wa shati, na kurudi kibandani nikakuta mteja wa suti ana haraka. Karatasi ya vipimo sikuiona, nikaandika nyuma ya ile risiti: kifua 38, bega 18, mkono 24. Mteja akasema atapeleka kwa fundi mwingine alinganishe bei. Akaondoka na karatasi. Hakurudi. Si yeye, si karatasi.

Saa kumi jioni mwenzangu akatoka zamu, akapanda boda kutoka Kondele hadi steji. Hakuna mzigo. Akanipigia.

"Umetuma kweli?"

"Nimetuma asubuhi."

"Nitumie picha ya risiti."

Nikaeleza habari za kifua 38. Nilivyokuwa naeleza, nikajisikia mwenyewe ninavyosikika. Kwenye wodi yao kulikuwa na msichana ambaye bwana wake wa Nairobi alikuwa anatuma zawadi ambazo hazifiki, mwezi baada ya mwezi, kila mara gari limeharibika. Wodi nzima ilikuwa inaijua hadithi hiyo.

"Sawa," akasema.

Aliye mbali akikwambia sawa namna ile, huna uso wa kuutazama ujue ni sawa gani. Ijumaa hakupiga. Mimi nikaenda steji Nakuru mara mbili. Karani akatafuta kwenye nakala, akakuta, akanionyesha kwamba mzigo ulitoka, umeandikwa "NGUO", gari limefika. "Uliza Kisumu," akasema. Kisumu simu inaita tu.

Jumamosi saa moja asubuhi nambari nisiyoijua.

"Wewe ndiye fundi?" Sauti ya mama mtu mzima, na nyuma yake makanga wanapiga kelele za Busia.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo." Watu wa huku hatuitumii sana, lakini siku hiyo ilinitoka yenyewe.

"Hii mzigo yako iko hapa siku mbili. Napiga nambari ya mwenyewe haingii. Nikaangalia ndani nione kama kuna jina zuri au nambari ingine. Nikapata barua."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza.

"Umeisoma, mama?"

"Kidogo tu, kijana wangu. Nilikuwa natafuta nambari." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na hiyo ya sufuria, ni ukweli?"

Niliandika kwamba aliacha sufuria yake ndogo kwangu, ile ya mpini uliolegea, na tangu aondoke napikia hiyo tu, hata wali ukinizidi nikaupika mara mbili. Ni kweli. Nikamwambia ni kweli.

"Haya. Nipe nambari nzuri. Huyo msichana nitamtafuta mimi."

Kumbe karani wa Nakuru aliandika moja, kaboni ikabeba, na Kisumu wakasoma saba. Siku mbili, kwa ajili ya kimstari kidogo. Yule mama alimpigia simu mwenzangu mwenyewe, akamwambia aje na kitambulisho, na alipofika akamkabidhi mfuko kwa mikono miwili kama mtu anayetoa posa. Mimi sikuwepo, nasimuliwa. Akamwambia, "Huyu wako ana mwandiko mbaya lakini anashona vizuri." Usiku huo simu ikaita. Nikategemea machozi au hukumu.

"Kwa hiyo mama wa dirisha amejua habari za sufuria yangu kabla yangu?"

Tulicheka mpaka mama yangu akagonga ukuta.

Je, karani kusoma barua ya mtu ni sawa? Si sawa. Hapo ndipo ilipokwenda nusu ya nyota, na nusu nyingine ilikwenda kwa ile saba. Lakini niseme pia kwamba kampuni kubwa yenye mtambo wa kuskani ingeurudisha mzigo ule bohari na kuniandikia ujumbe wa pole. Tangu siku hiyo nikituma chochote yule mama anampigia mwenzangu kabla hata gari halijazima injini. Mimi ananiita fundi wa sufuria. Mwezi wa saba nilimtumia aproni, bila malipo, mifuko miwili, nambari za simu za dharura nimezitarizi ndani kwa mzaha.

Njia nyingine nimejaribu, nizitaje upesi. Treni ya abiria ya Kisumu, iliyorudishwa mwishoni mwa 2021, inapita Nakuru usiku, na niliipanda mara moja kwenda kumwona. Reli hiyo ilifika Kisumu 1901 na ukiwa ndani unaamini. Inazunguka Molo na Londiani kwa starehe zake, unaamka Muhoroni kukiwa na ukungu juu ya miwa, na ni safari nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, ila si kwa mtu mwenye wateja Jumatatu. Kutuma pesa kwa M-Pesa ni rahisi mno, ndiyo shida yake: inafika kabla hujamfikiria. Ingawa kuna kipindi nilikuwa nikimtumia shilingi 50 za chai kila Jumatano, kwa kuwa kiwango hicho hakikatwi ada, na alikuwa akiijibu kwa picha ya kikombe. Ujumbe wa sauti nausifu. Anausikiliza akitembea kutoka Russia hadi Migosi, ananijibu akipumua, nasikia boda na mahindi yanachomwa. Simu tumeipunguza, Jumatano na Jumapili, na yeyote aliyechoka anaruhusiwa kusema amechoka bila kuhojiwa.

Na Kericho. Hiyo tuligundua mwezi wa tano, baada ya kupiga hesabu ya nauli mara ya kumi: Kericho ni karibu katikati. Kila mtu analipa kipande chake, hakuna aliyemfuata mwenzake, hakuna wa kuweka deni. Tunakutana asubuhi, tunakunywa chai pale chai inapotoka, tunatembea hadi mvua ianze, na mvua ikianza tunakaa chini ya kibaraza cha duka lililofungwa tukila mahindi. Saa tisa kila mtu anapanda gari lake. Mara ya kwanza nilisimama upande usiofaa wa barabara, nikimpungia mkono mtu ambaye gari lake lilikuwa limeshaondoka dakika tano. Muuza mahindi aliniangalia kwa huruma akanipa moja la bure.

Kwa anayetaka kuanza kutuma: andika nambari ya simu mwenyewe kwa kalamu nene, pande mbili za mzigo, na karatasi nyingine ndani, mahali ambapo si mfuko wa kifuani. Piga picha risiti kabla hujatoka dirishani. Usitume maziwa mala, hata kama umefunga vipi. Nimeona kilichotokea kwa godoro la mtu. Ijumaa jioni epuka, mizigo inarundikwa hadi juu ya kerea na ya chini inapondeka. Na mwenzako akituma samaki, lipia samaki, ile ya vitabu inafanya kazi mara moja tu.

Umebaki mwezi mmoja amalize. Dada yangu ameanza kuuliza mambo ya harusi, yeye ambaye alitupa miezi mitatu. Sisi bado tunabishana kama atarudi Nakuru au atafute kazi huko huko, na mimi nikae na cherehani zangu nikiangalia vibanda vya soko la Kibuye, Kisumu. Hilo, dirisha la vifurushi halilimalizi.

Ijumaa asubuhi, si jioni, natuma kilo nne za minji ya Molo, soli mpya za vile viatu vyeupe, na ile sufuria. Mpini nimeukaza kwa skrubu. Kwenye yaliyomo karani ameandika "MBOGA NA VYOMBO", na nambari nimemfanya anisomee kwa sauti, tarakimu moja moja, mara mbili.